Naomba Nione Muguu Yako

Soko la Nyawera lilikuwa limefurika. Joviale, katibu wa ofisi moja ya misaada, alisimama kwa mguu mmoja, kitenge chake cha manjano mkononi, akijaribu kiatu chekundu. Mara mwanamume mwenye shati jeupe akainama karibu mno.

"Madame, unisamehe. Naomba nione muguu yako. Huku chini, kwenye unyayo."

Wauza viatu wakaangua kicheko. Joviale naye hakubaki nyuma.

"Ee papa! Wanaume wa Bukavu wamemaliza maneno ya kutongoza, sasa wanaanzia kwenye kisigino?"

"Mimi ni daktari, napasua watu. Jina ni Ulrich. Hiyo doa nyeusi iko hapo tangu lini?"

"Bibi yangu wa Nyangezi anasema ni alama ya safari. Nitafika mbali!"

Mwanamume hakucheka. Hapo ndipo angepaswa kushtuka, jamani! Lakini macho yale yalikuwa mazuri, na Joviale akampa namba ya simu badala ya mguu.

Mapenzi hayapigi hodi. Simu asubuhi, simu mchana, visamaki vya sambaza vya kukaanga kando ya ziwa Jumapili, siku ya Mungu.

"Allô, chérie, umeamka?"

"Nimeamka, mupasuaji wangu."

"Na muguu?"

"Muguu? Nimeanza kuionea wivu. Unaipenda kunishinda!"

Kila Ulrich alipotaja kipimo, Joviale aligeuza mzaha. Doa nalo likazidi kupanuka, kimya kimya.

Mchana mmoja Joviale akampelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo, hospitalini. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Ulrich alikuwa akimwambia mwenzake, Docteur Delphine: "Huyu siwezi kumupoteza. Utafiti wangu wote ni juu ya doa kama ile yake."

Kumbe alipendwa kama kitu cha kupimwa! Akaacha sombe mlangoni, akazima simu, akapanda gari la Nyangezi kwa bibi yake.

Huko soksi ikaanza kulowa damu. Kisha, akioga, akagusa uvimbe kwenye kinena, mgumu kama punje ya mahindi. Akawasha simu, akampigia Ulrich.

"Joviale! Uko wapi?"

"Niambie kweli. Ulipenda mimi ao doa?"

"Doa niliiona kwanza. Wewe nilikupenda wakati ulicheka. Tangu siku ile naiogopa."

Ulrich alifika Nyangezi suruali imejaa matope, boksi kwapani, akaketi mkekani.

"Chérie, ninavyoona, hii ni kansa ya ngozi. Inajifanya jirani, askari wa mwili wanaipita tu. Kuna dawa tunachunguza, inawaamsha waikamate."

"Weye! Mutu wa Bukavu mwenye ameona vita, unamuambia habari ya askari, atalala?"

Ulrich akatabasamu, kisha tabasamu likafa.

"Haiponeshi kila mutu. Na mimi siwezi kupasua mutu ninayemupenda, wala kuchagua nani apate dawa. Nimemuachia Delphine. Mimi nitakaa inje ya mulango na ndugu zako, nikiwa bwana yako. Ukikubali."

Akafungua boksi. Ni vile viatu vyekundu vya Nyawera.

"Na kama kimoja kitakosa muguu?"

"Tutakiweka juu ya kabati. Ninaoa wewe, sioi viatu."

Joviale akacheka huku machozi yakimtiririka. Akauchukua mkono wa Ulrich, akauweka penye uvimbe wa kinena. Ulrich akaupapasa, kisha akaupapasa tena. Uani bibi aliacha kutwanga.

"Ile safari ya bibi imeanza, si ndiyo?" Joviale akauliza.

"Hatujajua bado inaenda wapi."

"Basi nimekubali, unioe. Na Delphine anipasue. Lakini kwanza omba tena, kama siku ile sokoni."

"Madame, unisamehe." Ulrich akainama karibu. "Naomba nione muguu yako."

Safari hii hakuna aliyecheka. Joviale akavua soksi, akamnyooshea mguu.