Geuza Karatasi, Verlin

Kila siku ya uchaguzi, Verlin Hruska na mkewe Ardith walikuja mkahawani kwangu saa mbili asubuhi. Waliagiza mayai, viazi vya kukaanga na kolache za plamu, ile mikate mitamu ambayo mji wetu hauwezi kuishi bila yake. Kisha walikaa hadi mchana, wakiwachekelea watu waliokwenda kupiga kura.

Verlin ni mtu wa chama cha Republican tangu utotoni. Ardith ni wa chama cha Democrat, na hafichi. Wameoana miaka arobaini na moja, na mapenzi yao ni ya kugombana.

"Mimi nikimpigia wangu, huyu anampigia wake," Verlin alipenda kueleza. "Tunafutana. Sasa ya nini kuchafua viatu?"

"Tumekubaliana," Ardith alidakia. "Yeye haendi, mimi siendi. Ila simwamini sana, ndiyo maana nakaa hapa nimlinde."

Tulicheka. Mji wetu wa Plum Fork, huku Nebraska, una wapiga kura mia nne tu, na mzaha huenea upesi. Nyumba nyingine ambazo mume na mke walikuwa wa vyama tofauti zikaiga. Haukupita muda, nyumba tano zikawa kwenye mapatano hayo. Watu kumi walikaa mezani kwangu wakila, siku ya kura. Biashara ilikuwa nzuri, nami nikanyamaza. Hilo najilaumu mpaka leo.

Mwezi wa Mei, kwenye karatasi ya kura, tuliulizwa swali moja la mji. Je, tuongeze kodi kidogo ili gari letu la wagonjwa liendelee kufanya kazi? Waliosema ndiyo walikuwa tisini. Waliosema hapana walikuwa tisini na sita. Tukaambiwa gari litaondoka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo tungelingoja gari la mji wa jirani, mwendo wa dakika arobaini.

Ardith alipopata habari, alikaa chini kama aliyepigwa. Gari lile lilimwokoa Verlin miaka miwili iliyopita, moyo ulipomgomea katikati ya shamba la mahindi. Lilifika kwa dakika tisa. Daktari alisema zingekuwa ishirini, tungemzika.

"Ni nani hao waliosema hapana?" Ardith aliuliza kwa hasira.

LaVonne Petracek alikuwa akinywa kahawa meza ya pili. Amesimamia kituo cha kupigia kura miaka ishirini na sita.

"Waache hao, walikwenda wakasema yao," alijibu. "Ninyi mlikuwa wapi?"

"Lakini LaVonne, sisi si tunafutana?" Verlin aliuliza.

LaVonne akatoa mkobani karatasi ya kura ya mfano, akaiweka mbele yao. "Nionyesheni mnapofutana."

Verlin akaonyesha majina ya juu, ya wakubwa wa vyama. "Hapa. Na hapa."

"Haya. Sasa geuza karatasi, Verlin."

Akaigeuza. Nyuma hapakuwa na chama hata kimoja. Palikuwa na bodi ya shule, bodi ya maji, na chini kabisa, gari la wagonjwa.

"Hili gari, ndiyo au hapana?" LaVonne aliuliza.

"Ndiyo!" walijibu kwa pamoja.

"Hapo mnafutana?"

Verlin alivua kofia yake. Nilimwona akihesabu kwa macho viti vya ile meza yao ndefu. Kumi. Na gari lilishindwa kwa kura sita.

"Tumeliondoa wenyewe," alisema polepole.

"Bado," LaVonne alisema. "Novemba tutaulizwa tena, kabla gari halijaondoka."

"Hawa wengine siwajui," Ardith alisema. "Huyu wa bodi ya maji ni nani?"

"Anakaa nyuma ya kanisa, nenda kamuulize. Ukishindwa kuamua, acha wazi pale pake. Mengine uliyojaza yatahesabiwa vilevile."

"Na upande wa mbele?"

"Huko futaneni mpaka mchoke. Lakini kuna jambo moja. Mlipata kadi kutoka ofisi ya uchaguzi?"

Verlin alikohoa. "Ipo, ya miaka mingi. Nimeiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni, ilikuwa inayumba."

"Verlin! Ile inauliza kama bado mnaishi pale. Usipoijibu, na miaka inapita hupigi kura, jina lako linaweza kutolewa daftarini. Nendeni kesho mkaangalie."

Walikwenda. Majina yao hayakuwepo. Wakajiandikisha upya, kisha wakapita kwenye zile nyumba nne, Ardith akibeba kolache na Verlin akibeba aibu.

Novemba, watu wote kumi walikwenda kupiga kura kwenye ukumbi wa wazima moto, kila mmoja na leseni yake ya udereva mkononi kama kitambulisho. Verlin na Ardith walibishana njia nzima juu ya gavana. Waliosema ndiyo walikuwa mia na sabini na mmoja. Waliosema hapana hawakufika mia na ishirini. Gari likabaki.

Februari, asubuhi ya theluji, Ardith alikuwa mezani kwangu akimcheka mumewe. Ghafla akashika kifua na kuteleza kutoka kitini. Nilipiga simu kuita gari. Verlin alipiga magoti sakafuni akamshika mkono, akilia bila kujificha.

"Usinifanyie hivi, mke wangu. Ukifa, nani atafuta kura yangu?"

Gari lilifika kwa dakika saba. Wahudumu walimpa dawa na hewa, wakamlaza kwenye machela. Mlangoni Ardith alifungua jicho moja.

"Nani kakwambia nakufa?" alinong'ona. "Uchaguzi ujao nipo, na nitakufuta."

"Nifute," Verlin alisema, akipanda garini nyuma yake. "Nifute tu, mama."