Mluzi wa Risten

Kila siku baada ya shule, Risten alipitia kwa babu yake kumwingizia kuni. Kijijini Kautokeino, kaskazini kabisa mwa dunia, wakati wa baridi kali jua halichomozi wiki nyingi, kwa hiyo hata saa kumi alasiri alitembea gizani.

Siku hiyo mianga ya kijani ilitanda angani mapema. Watoto wa Kisami, wenyeji wa huko, wote wanajua: mianga ikicheza, unanyamaza. Ukiipigia mluzi, itashuka ikuchukue wewe au mtu wako.

"Mwoga we!" binamu yake Jovnna alimchokoza. "Piga basi, tuone!"

Kwa ubishi wake, Risten akapiga. Mianga ikayumba kama inashuka. Wakatimua mbio kila mtu kwao, kuni za babu zikasahauliwa.

Kesho yake hakwenda kwa babu. Aliogopa mianga ingemfuata mpaka kule. Akasingizia kikohozi, na keshokutwa yake tena kikohozi. Siku ya tatu babu akafariki kwa ugonjwa wa moyo, kwenye kiti chake kando ya jiko.

Jioni ya kuamkia maziko, Risten alikataa katakata kwenda kanisani kesho yake. Shangazi Inga, aliyefundisha sayansi shuleni kwao, akaja kuketi kitandani kwake.

"Una nini, mwanangu?"

"Mimi ndiye niliyemuua, Shangazi." Akaeleza yote kuhusu mluzi.

Shangazi alimshika mikono. "Nisikilize. Mianga ile huanzia kwenye jua. Jua hurusha chembe zenye umeme, nazo husafiri siku mbili hivi kufika huku. Sumaku ya dunia huzivuta upande wetu wa kaskazini. Zikigonga oksijeni huko juu, inang'aa kijani. Ulipopiga mluzi, chembe zile zilikuwa zimeshaondoka juani. Na huko ni juu kilomita mia moja. Mluzi wako hata ng'ambo ya mto haufiki!"

"Sasa mbona tunanyamaza?"

"Kwa heshima. Hata mimi hunyamaza. Lakini babu alikuwa mgonjwa wa moyo miaka sita."

Risten akavuta pumzi. Kisha akauliza lililokuwa likimuuma zaidi. "Aliniulizia?"

"Sitakudanganya. Kila jioni aliuliza kama umekuja."

Hapo Risten akalia kwa sauti, na shangazi naye akalia, maana babu alikuwa baba yake mzazi.

"Hukumuua," shangazi alisema mwishowe. "Ila hofu uliyoificha imekunyima siku mbili za kukaa naye, na hizo hakuna sayansi itakayozirudisha. Siku nyingine ukiogopa, sema siku hiyohiyo."

Kesho yake Risten alikwenda kanisani. Baada ya maziko, watu walipokunywa kahawa nyumbani kwa babu, yeye aliingiza kuni, mzigo baada ya mzigo, mpaka sanduku la kando ya jiko likafurika. Hakuna aliyemkataza.