Chai Hupangwa Jioni

Fundi cherehani alikuwa anatafuta kitanda tu. Hakutaka anasa wala televisheni. Jua lilikuwa linazama, na mgongoni alimbeba bintiye, ambaye ukoo mzima ulimwita Sisimizi kwa jinsi alivyopenda sukari. Alfajiri walitakiwa hospitali kubwa, mtoto akapimwe kifua. Lakini kila nyumba ya wageni waliyobisha hodi, mtoto alikohoa, na mlango ukafungwa. "Pole mama, wageni wengine watalalamika." Pole, pole! Pole inamlaza mtoto wapi?

Mwisho wa mtaa ilibaki nyumba moja, taa ya njano mlangoni na kibao: Malazi na Chai ya Asubuhi. Hapo fundi akafanya kosa ambalo mama yeyote aliyechoka angelifanya, tusidanganyane. Akazunguka nyuma, akamketisha mtoto juu ya begi, chini ya dirisha.

"Sikiliza, Sisimizi. Nitakuvuta ndani kupitia dirishani. Ila wewe hupo hapa. Umesikia? Hupo."

"Sipo," mtoto akanong'ona, akacheka, akakoholea kwenye mtandio.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mpole. Ukumbi wake ulinukia iliki, na chini ya ile iliki... udongo uliolowa.

"Karibu, mwanangu. Kuna jambo moja la kujua kabla hujalala. Hapa chai ya asubuhi tunaipanga jioni. Kikombe kikishakaa mezani, siongezi wala sipunguzi. Kwa hiyo niambie kweli. Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Huna mtu nje?"

"Sina."

Yule mama akamsogelea. Sauti yake ikashuka. "Nakuuliza mara ya mwisho. Huna mtoto?"

"Sina mtoto."

"Haya." Akaweka kikombe kimoja mezani, akakifunika kwa kisahani.

Kli.

Chumba kilikuwa safi. Fundi alimvuta mtoto ndani, akamlaza upande wa ukutani. Kila Sisimizi alipokohoa, alimziba mdomo kwa mtandio, taratibu, huku roho inamuuma. Mama gani mimi, alijiuliza, ninayemziba mtoto mgonjwa mdomo? Usingizi ukamchukua akiwa bado anajilaumu.

Alipoamka kulikuwa kunapambazuka.

Kimya.

Hakuna kikohozi.

Kwanza alifurahi, maskini. Kisha akapapasa. Shuka la upande wa ukutani lilikuwa baridi, limenyooka, kama halijalaliwa na mtu.

Akatazama chini ya kitanda. Kabatini. Nje ya dirisha. Viatu vyekundu vya mtoto havikuwepo. Begi lililokuwa limejaa vigauni sasa lilikuwa na nguo za fundi tu. Akafungua simu atazame picha. Zote yumo yeye peke yake, anatabasamu, mkono umekumbatia hewa.

Akampigia mdogo wake. "Sisimizi kapotea!"

"Nani?"

"Sisimizi! Mwanangu!"

Mdogo mtu akasema polepole, "Dada, unanitisha. Wewe hujawahi kuzaa."

Akakaa sakafuni, simu ikamponyoka. Ndipo akasikia. Kho... kho... Ndani ya ukuta. Akabandika sikio kwenye chokaa.

"Sisimizi! Uko wapi, mama?"

Sauti ikaja kwa mbali, ndogo, yenye utiifu.

"Sipo."

Alitoka mbio hadi mezani. Chai ilikuwa inafuka ndani ya kile kikombe kimoja.

"Nirudishie mwanangu!"

"Sikumchukua mimi," mwenye nyumba alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Niliikuta nyumba hii ikiwa hivi hivi. Inashika neno la mgeni. Kwa nini unadhani nauliza sana? Mimi nami nilikuja hapa na mtu. Sasa hata sura yake siikumbuki."

"Nitalala tena! Nitasema tuko wawili!"

"Nilishajaribu hilo. Kikombe cha pili kinapasuka mkononi. Wewe uliomba kimoja, na kitabaki kimoja."

Fundi alilia mpaka kifua kikakauka. Mchana kutwa alikaa akiutazama ukuta, akisikiliza kile kikohozi kikizidi kufifia. Maisha yake yote alishona nguo. Kitambaa kisipotosha mama na mwana, alijua la kufanya: cha mama hakikatwi, anashonewa mtoto. Jua lilipoanza kuzama alitoka nje, akageuka, akabisha hodi kama mgeni.

"Mko wangapi?" mwenye nyumba aliuliza.

"Mmoja."

"Nani?"

"Mtoto wa kike. Anapenda sukari, umwekee nyingi, usimbanie. Na asubuhi anatakiwa hospitali."

"Mwanangu... fikiri vizuri. Hana mama?"

Fundi aliushika mlango.

"Hana mama."

Kli.

Akalala akiwa amegeukia ukuta, kiganja kikiwa juu ya chokaa. Kulipokucha alisikia kikohozi. Safari hii kilikuwa kitandani, kikavu na kikali, na hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kile. Akanyoosha mikono amkumbatie. Mikono haikufika. Alikiona chumba chote, kitanda, dirisha, viatu vyekundu sakafuni, lakini alikiona kutokea ndani ya ukuta, nyuma ya chokaa.

Mtoto akashuka akaenda ukumbini, na fundi akamfuata ndani ya ukuta; mezani kijiko kiligongagonga kikombe. Mlango wa nje ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia mdogo wake, anahema, mtandio umemlegea.

"Sisimizi! Usiku kucha nakutafuta! Nani kakuleta huku?"

"Sijui," mtoto akasema. Kisha akamrukia shingoni. "Mama!"

"Twende hospitali, mwanangu. Twende haraka."

Fundi akaita. Akaita kwa nguvu zake zote, jina na jina la utani, akapiga ukuta kwa ngumi ambazo hakuzisikia hata yeye mwenyewe. Mwenye nyumba aliinamisha kichwa, akajifanya anafuta meza.

Mlangoni Sisimizi akasimama. "Mama, nani ananiita?"

"Hakuna mtu. Tutachelewa."

Mtoto akachomoa mkono wake, akarudi mbio mezani. Kwenye kikombe ilikuwa imebaki ile chai ya chini, yenye sukari nzito, ambayo tangu azaliwe hajawahi kumwachia mtu. Akakibeba kwa mikono miwili, akaenda kukiweka sakafuni, karibu kabisa na ukuta.

"Amalizie," akasema, akatoka.