Kitambaa cha Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Upepo alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kufuta injini. Gari lenyewe lingeweza kukaa na vumbi wiki nzima na hakuna mtu nyumbani angejali. Injini ndiyo iliyofutwa, kwa kitambaa kikavu, kona kwa kona, kwa sababu ndivyo baba yake alivyofanya mpaka Jumamosi ya mwisho ya uhai wake.

Baba alikuwa dereva. Alifariki ghafla, akaacha mke, binti, mama yake mzazi, na gari la kijivu lenye umri mkubwa kuliko wa binti yake. "Injini chafu ni kama mgonjwa aliyejifunika blanketi," alikuwa akisema. "Daktari atajuaje kidonda kiko wapi? Futa, na kikivuja kitu utakiona. Lakini maji hapana. Maji na umeme havikai chumba kimoja." Jina la Upepo alilitoa yeye, maana mtoto huyo hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Alikula haraka, akaoga haraka, na akaandika haraka mpaka mwalimu akalalamika kwamba herufi zake zinafukuzana.

Gari lile halikuwa pambo. Figo za bibi, mama mzazi wa baba, zilikuwa zimechoka. Ilibidi apelekwe mara kwa mara hospitali, juu kilimani, ng'ambo ya pili ya mji, alazwe kando ya mashine iliyomsafisha damu. Akichelewa kidogo, miguu ilivimba. Akikosa kabisa, daktari alisema bila kuzungukazunguka, atakufa. Mama alimpeleka mwenyewe asubuhi na mapema, kisha akateremka kwenda kazini, kwenye chumba cha kushonea sare za shule.

Bibi alikuwa mtani hata katika maumivu. "Twende, mke mwenzangu," alimwambia Upepo akiingia garini, "unisindikize kwa yule bwana wetu mpya. Bwana gani huyu! Ananinyonya damu yote, halafu anaona aibu, ananirudishia."

Sasa, kufuta injini kwa kitambaa ni kazi ya kuchosha. Vumbi huchanganyika na mafuta likawa gundi, na kona nyingine hazifikiki mpaka uvishe kijiti kitambaa. Jumamosi moja wenzake Upepo walikuwa wakimwita kutoka barabarani, mpira umeshaanza. Akatazama injini, akatazama barabara. Akachota jagi la maji ya sabuni, akaimwagia injini yote, akasuuza kwa jagi la pili, akaacha boneti wazi jua limalizie. Alifika uwanjani kabla ya bao la kwanza.

Mchana mama alikuja kufunga boneti, akasimama. "Mwanangu," akasema. "Inang'aa kama enzi za baba yako." Akamshika kichwa, akamkumbatia palepale. Upepo alifungua mdomo ili aseme. Kisha akaufunga, kwa kuwa tangu msiba uingie mama hakuwa amemkumbatia hivyo. Tangu siku ile kitambaa kikabaki kikavu na kisafi msumarini, na jagi likafanya kazi yake kila Jumamosi.

Haukupita muda gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Likipanda mlima lilikohoa, na taa ya onyo ya injini ikawaka mbele ya mama. Fundi, mzee mmoja mwenye karakana ya wazi ubavuni mwa duka la spea, alisikiliza tu akajua. "Linamisi, halichomi sawasawa," akasema. "Koili moja imekufa." Akamweleza Upepo kwamba injini ile ina koili nne, kila moja imekaa kwenye kishimo chake juu ya plagi, na kazi yake ni kuipa plagi umeme mkali wa kuwasha petroli. Koili ikifa, silinda yake inalala, na wenzake wanavuta mzigo wa mvivu. Akamwonyesha mama namna ya kuibadilisha mwenyewe: boliti moja tu na soketi ya waya.

Duka la spea lilikuwa la baba mdogo, mdogo wake marehemu. Yeye hakuwa na gari, alikuwa na lile duka tu. "Shemeji, koili halisi za gari lile hazipatikani tena," alimwambia mama. "Nina hizi za kiwanda kingine. Zitafaa tu."

Hazikufaa. Mama aliweka mpya, ikafa. Akarudi akapewa nyingine, nayo ikafa. Ikafa na ya jirani yake. Kila mara gari lilizimika likiwa na bibi ndani, na kila mara ilibidi mama abembeleze watu barabarani. Upepo alikaa kiti cha nyuma ameshika mkono wa bibi, na wazo moja likamjia: maji na umeme havikai chumba kimoja. Akalifukuza. Maji si hukauka? Na kila mtu si alikuwa akisema koili ni feki?

Ilipokufa ya nne, mama aliingia dukani na koili mkononi, mbele ya wateja na mafundi wa mtaa mzima.

"Shemeji, unamuuzia takataka mama yako mwenyewe?" akauliza. "Anayepanda gari lile ni mama aliyekuzaa! Au unangoja nimlete hapa amefungwa sanda ndiyo unipe spea nzuri?"

Baba mdogo alishikilia kaunta. "Shemeji, wengine niliowauzia hawajarudi kulalamika. Sielewi."

"Hawajarudi kwa sababu wamekukimbia! Jamani, mmesikia? Msinunue hapa." Akaitupa koili juu ya kaunta, akatoka. Upepo alikuwa amesimama mlangoni. Baba mdogo alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta shahidi. Upepo akainamisha macho akamfuata mama.

Tangu siku hiyo baba mdogo hakukanyaga nyumbani kwao. Alimwona bibi hospitali tu, saa ambazo mama hayupo. Wateja nao walipungua, kwani mke wa kaka yako akikutangaza mwizi, nani atabisha? Mama akaanza kununua koili duka jingine, mbali. Upepo aliyajua yote haya. Kila Ijumaa alijiambia kwamba kesho atashika kitambaa. Jumamosi ikifika, aliona kwamba akiacha maji injini haitang'aa vile, na mama atauliza kwa nini. Uongo ulikuwa umeshampangia ratiba.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Mashine za hospitali zilikuwa zimeharibika katikati ya juma, bibi akarudishwa nyumbani bila kusafishwa. Miguu ikavimba mpaka ngozi ikawa nyororo, na pumzi ikawa fupi. Upepo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusuuza injini simu ilipolia.

"Mashine zimepona!" mama akapiga kelele kutoka ndani. "Wanamngoja sasa hivi! Funga boneti, nisaidie kumbeba!"

Upepo alisimama na jagi mkononi. Maji yalikuwa bado yanachuruzika juu ya koili. Alikuwa na nafasi ya kusema, nafasi kamili. Mama angemkaripia, wangetafuta gari la jirani, yangekwisha. Akaficha jagi nyuma ya ndoo, akafunga boneti.

Walifika nusu ya mlima. Gari likatetemeka mara moja, likatetemeka tena, harufu ya petroli mbichi ikajaa ndani, kisha likakosa nguvu kabisa na kuanza kurudi nyuma. Mama akavuta breki ya mkono. Alijaribu kuwasha, injini ikazunguka bure. Bibi alikuwa amelaza kichwa begani kwa Upepo, anavuta hewa kama anayevuta ndoo kisimani kwa kamba ndefu. Hakutania. Jasho lake lilikuwa la baridi.

"Bibi," Upepo akanong'ona. "Bibi, usilale."

Mama alisimama katikati ya barabara na mikono juu. Magari yalimkwepa. Mwishowe lori la mchanga likasimama, na dereva wake na utingo wakampandisha bibi mbele. Kufika hospitali alikuwa hajitambui. Wauguzi wakamkimbiza ndani na mlango ukafungwa. Mama na Upepo walikaa kwenye benchi mpaka jua likageuka upande, ndipo daktari akatoka. "Yu hai," akasema. "Lakini moyo umeumia. Sitawaahidi kwamba atakuwa kama zamani."

Kesho yake gari lilikuwa limevutwa hadi karakanani, ubavuni mwa duka la baba mdogo. Macho ya mama yalikuwa mekundu. "Fundi, itoe hiyo koili watu waione," akasema kwa sauti ya kusikika dukani. Watu wakasogea. Baba mdogo akatoka akasimama kizingitini.

Fundi aliigeuzageuza koili. "Hii si ya duka lake," akasema.

"Nimeinunua kwingine. Yake ndiyo iliyoanza."

"Na hii nayo imekufa." Fundi akaiinamisha. Tone la maji likaanguka kutoka kwenye ncha yake, na jingine. Akatia kijiti chenye kitambaa ndani ya kishimo cha plagi, kikatoka kimelowa. Akakinusa. "Sabuni," akasema. "Koili hizi hazikufa zenyewe. Zimezamishwa. Nani anaosha injini hii?"

"Haioshwi," mama akajibu. "Binti yangu huifuta kwa kitambaa kikavu, kama marehemu baba yake. Kwa hilo naapa mbele ya watu wote hawa."

Upepo alisikia kile kiapo kikimwangukia. Angeweza kunyamaza. Fundi asingebishana na mama mwenye machozi, na mvua ingesingiziwa maji yale. Lakini aliona tena mdomo wa bibi ukitafuta hewa, akaona na macho ya baba mdogo pale mlangoni, yaleyale aliyoyakimbia siku ile.

"Mama, usiape," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akarudia. "Usiape, mama. Naiosha mimi. Kwa jagi. Kila Jumamosi."

Mama alimtazama kama hamjui. "Hata jana?" akauliza.

"Hata jana."

Upepo alingoja kofi, na angelipokea kwa shukrani. Halikuja. Mama aliketi juu ya tairi kuukuu, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Kisha akainuka, akamwendea baba mdogo, akapiga goti mbele ya watu walewale.

"Shemeji, nilikuvua nguo hadharani. Hadharani hapahapa nakuomba radhi."

Baba mdogo akamwinua upesi. "Inuka, shemeji, unaniongezea aibu," akasema. "Hata mimi si msafi. Mipira ya koili zile, ya kuzuia maji, haikai sawasawa kwenye injini ile. Inaachia nafasi. Niliiona, nikajisemea zitafaa tu." Akamgeukia Upepo. "Siku ile mlangoni ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nadhani, baba mdogo. Sikutaka kujua."

Akatikisa kichwa, akaingia dukani. Hakumsamehe siku hiyo. Lakini kabla ya juma kwisha, alizunguka kwenye yadi za magari mabovu mpaka akapata koili halisi zilizotoka kwenye gari kama lile. Fundi akavikausha vishimo, akaweka plagi mpya na mipira mipya, akawasha. Injini ikanguruma tulivu, silinda zote nne kazini.

Bibi alirudi nyumbani, ila si yule aliyeondoka. Ngazi za barazani hakuzipanda tena bila kubebwa. Mama alisema, "Bibi yako utamwambia mwenyewe," naye Upepo akapiga magoti kando ya kitanda, akasema yote, hadi jagi lililofichwa nyuma ya ndoo.

Bibi aliitazama miguu yake chini ya shuka.

"Mjukuu wangu," akasema. Hakumwita mke mwenza. "Maji yale ulimwaga kwa uvivu, na uvivu wa mtoto husameheka. Lakini ulipoona gari linaugua ukanyamaza, kimya chako kikasema uongo badala yako. Kikamsingizia mwanangu wizi. Kikanilaza mimi barabarani. Ungesema Jumamosi ya kwanza, ungekaripiwa nusu saa. Kosa likisemwa mapema huwa dogo. Ukilifuga linakula, linakua, na mwishowe linakula wasiohusika."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Miguu yangu ndiyo hairudi kwa msamaha." Akamshika mkono. "Nenda, leo ni Jumamosi."

Upepo alitoka akachukua kitambaa msumarini. Alifuta tangu asubuhi hadi kivuli kikawa chini ya gari. Wenzake walimwita, akawapungia mkono. Alipomaliza, mama alikuja. Zamani angetazama tu na kufunga boneti. Sasa aliingiza kidole kwenye kila kishimo, akatafuta unyevu, akakifuta kidole kwenye nguo yake, akaondoka.

"Bibi," Upepo akauliza dirishani, "mama ataacha lini kunikagua?"

"Atakapoacha," bibi akajibu kutoka kitandani. "Hiyo ni kazi yake. Ya kwako ni kufuta."

Upepo akaitazama injini. Chini kabisa, nyuma ya bomba, ilikuwapo kona moja ambayo hata kidole cha mama hakikufika. Akavisha kijiti kitambaa, akainama, akaanza kuifuta taratibu.