Mgeni Asiyepimwa Homa

Mzee Elroy aliamka na furaha iliyomtia Marlys wasiwasi. "Mke wangu kaja," alisema. "Kanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Wewe na sheria zako, umepitwa hivihivi."

Marlys ndiye muuguzi aliyekabidhiwa kuzuia maambukizi katika nyumba ile ya wazee huko Minnesota. Tangu ugonjwa uingie, alikuwa amepiga marufuku wageni. Ndugu walisimama nje kwenye theluji, wakipunga mikono dirishani. Isitoshe, mke wa Elroy alikwisha kuzikwa. Jioni mzee akapandwa na homa, na Jumapili hakuiona.

Kisha Bi Verna, mkazi mwingine, akasema kakumbatiwa na mwanawe. Naye akafa. Marlys akabadilisha vitasa, akaziba milango kwa nailoni, akasugua dawa mpaka vidole vikachubuka. Maskini, alidhani adui yake ni mmoja.

"Nusa," alinong'ona Hodan, mhudumu wa Kisomali. "Nywele zinaungua. Huyo ni jini, dada. Nimemsomea Ayatul Kursiy, anahama chumba tu."

"Anataka nini kwetu?"

"Anaingia kwa wasioguswa na mtu."

Marlys akakimbilia chumba cha mama yake, Ardis. Hakuwa amekanyaga ndani tangu Machi, maana alizunguka vyumba vyote vya wagonjwa na aliogopa kumletea mama yake kifo kwa mikono yake. Kila siku aliishia mlangoni, kajifunika gubigubi kwa barakoa, miwani na gauni la plastiki, akipaza sauti kwamba anampenda, na mama akiitikia kwa kichwa tu, na sasa harufu ile ilikuwa imetanda juu ya kitanda na mama alikuwa akitabasamu.

"Mama, nani kaja hapa?"

"Si wewe? Jana ulinilaza kifuani."

Marlys alivua glovu, akavua barakoa, akavua kila alichowakataza wenzake kuvua, akaingia, akamkumbatia mama yake huku akilia. Paji la mama lilikuwa linachemka tayari.

Ardis akamsukuma. "Toka. Wewe ni yule wa mlangoni."

Akanyoosha mikono yake miembamba kupita bega la Marlys, kuelekea nyuma yake.

"Njoo, mwanangu," alisema kwa upole. "Njoo uniondolee huyu."