Ubao wa Upande Wangu

"Kwanza huu mlango wako umenipiga," senge Nelvine alisema, akiinama kusugua muundi wake. "Nani huweka kizingiti cha kufika magotini?"

"Ni cha kuzuia maji, mama," Joab akajibu. "Wimbi likipanda sitahani, haliingii ndani."

"Wimbi la wapi?"

Joab akatazama nje. Kutoka mlangoni pake, nje kidogo ya soko la Litein, ulichoona ni majani chai tu mpaka macho yachoke.

Senge ni dada wa baba yangu. Mwaka huo wa 1996 baba alimtuma akague nyumba ya Joab, mchumba wangu, kwa sababu alikuwa ametoa sharti moja: "Chelimo haondoki hapa mpaka nijue analala wapi." Neno la senge ndilo lingeamua kama kuna harusi.

Na nyumba yenyewe ilikuwa kipande cha boti.

Sitanii. Ilikuwa yoti ya mzungu mmoja tajiri, ndefu, nyeupe, iliyotembea ziwani tangu zamani za ukoloni. Ilipovunjwa Kisumu watu walikimbilia injini na vyuma. Joab, seremala wa kiwanda cha chai, akanunua vyumba vya nyuma, akavipandisha huku milimani kwa lori na kuviweka juu ya msingi wa mawe. Litein nzima ilicheka. Mimi nilikuwa nimecheka nikachoka.

"Madirisha mbona ni ya duara?"

"Duara halina kona ya kupasukia, mama."

"Na meza mbona ina ukuta?"

"Huo ni ukingo. Vikombe visianguke boti ikiyumba."

"Imeyumba lini?"

"Bado."

"Asante."

Beseni la kunawia, lile linalokunjwa likajificha kabatini, lilimpendeza. Alilikunja akalikunjua kama mtoto, nami nikaanza kupata tumaini. Kisha akasukuma mlango wa chumba cha kulala.

Vitanda viwili vyembamba vya mahogani, kimoja kushoto, kimoja kulia. Vimeshikwa ukutani kwa skrubu za shaba, droo chini, na katikati nafasi ya kupita mtu mmoja.

Senge alivitazama sana.

"Hiki ni cha Chelimo. Hicho kingine ni cha nani?"

"Changu, mama."

"Weh, kijana. Mimi niliolewa bibi wa pili. Najua nyumba ya mwanamume anayengoja mwingine."

"Hapana, mama. Yoti zilitengenezwa hivyo. Bwana huku, bibi huku."

"Kwa hivyo hao hawakuzaa?"

Nilimsindikiza senge mpaka barabarani. "Jumamosi narudi," aliniambia. "Kitanda ni kimoja, ama hakuna harusi."

Nikarudi ndani.

"Joab, kata hivyo vitanda uviunganishe."

"Havikatwi. Vimejengwa pamoja na mbavu za boti. Ukikata, ukuta unalegea."

"Ukilegea si unapiga msumari?"

"Msumari," alisema, kana kwamba nimemtukania mama.

"Tangu nikujue nimesikia usukani wa shaba. Nimesikia sakafu ya mbao za msaji na viti vya ngozi. Sijasikia siku moja ukiniuliza jiko langu litakaa wapi."

"Jiko liko hapo kwa kona. Ukisimama unafikia kila kitu bila kusonga."

"Na mwiko wa ugali nitauzungushia wapi? Nje, kupitia dirisha lako la duara?"

Hakucheka. Alipitisha kidole kwenye skrubu moja ya shaba.

"Baba yangu alikuwa mtumishi wa yoti hii, alisugua hizi mpaka akastaafu. Aliruhusiwa kuingia humu na kitambaa. Kukaa hakuruhusiwa. Nataka vitanda vibaki vile alivyoviacha."

"Baba yako alilinda vitu vya wenyewe. Wewe unamlindia nani?"

Nikaondoka bila kwaheri.

Ijumaa nilishindwa kuvumilia. Nikapiga simu kiwandani kutoka kibanda cha posta. Akapokea karani, Bonareri.

"Naomba fundi Joab."

"Hajaingia kazini. Alipita tu kuchukua msumeno mkubwa." Akakohoa. "Wewe ndiye yule wa kitanda?"

Nikakata simu na kukimbia.

Nilimkuta ameketi sakafuni, vumbi jekundu la mbao hadi kwenye kope. Vitanda vilikuwa kimoja, kimesukumwa ukutani.

"Usiniongeleshe," alisema.

"Umekata."

"Nimekata. Ukuta umelegea, vile nilikwambia. Nimeweka nguzo ya mkalitusi. Ni mbaya."

"Ni mbaya kweli. Njoo ukae."

Hakusogea. Ndipo nikaona mkeka wake umekunjwa pembeni, na nikaelewa kwamba tangu alete chumba hicho hajawahi kulalia vile vitanda. Alikuwa analala chini.

"Joab, ni chako. Kaa."

Akapangusa suruali kwa mikono miwili, akakaa ukingoni kama mgeni.

"Na huu ubao wa pembeni ni wa nini?" nikauliza.

"Wa kukuzuia usianguke boti ikiyumba."

"Joab."

"Nimekata kila kitu ulichotaka, nyar Litein, binti wa Litein. Niachie ubao."

Jumamosi senge alijilaza pale na viatu vyake, akainuka, akamwambia baba, "Mlango utamvunja miguu, lakini watalala pamoja." Tukafunga ndoa Desemba.

Miaka yote hiyo, kila alfajiri nikienda kukamua, niliupanda ule ubao nikinung'unika. "Hapa hakuna mawimbi, wewe mtu." Naye, macho bado yamefungwa, "Huwezi kujua."

Tulimzika mwaka jana, mvua za masika zikianza. Watoto wanataka kuung'oa, wanasema magoti yangu hayauwezi tena. Nimewaambia wauache. Nikigeukia upande wake hakuna mtu. Nikigeukia wangu, ubao upo.