Sauti Iliyobaki Kwenye Diski

Wewe ulishawahi kugawa diski sehemu tatu, ukarudi ukaikuta ina nne?

Theodora aliikuta saa saba mchana, jua la utosi, ofisi tupu. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili vya kuhifadhi sauti za wazee huko Kwihara, na mfanyakazi ni yeye peke yake. Wageni wakitoka Tabora mjini huja kuona tembe la kale, si kumjulia hali fundi wa seva. Kuna siku mtu wa kwanza kuongea naye alikuwa birika la chai.

Kazi ilikuwa nyepesi. Unaandika faili la maelekezo: sehemu ya mfumo, ya kumbukumbu za mitambo, ya data. Unawasha seva, zinajisakinisha zenyewe bila kumuuliza mtu. Hiyo ya nne hakuiandika. Haikuwa hata na jina. Akaifuta, akasakinisha upya. Ikarudi, imenenepa.

Mara ya tatu ilirudi na harufu ya ugoro.

Theodora, mwenye digrii na dharau ya kuwatosha waganga wote wa mkoa, akakagua nyaya. Ndipo aliposikia kikohozi kikavu, cha mtu mzima anayesafisha koo, kikitoka kwenye seva isiyo na spika, na nyuma yake sauti ya bibi ikitaja majina polepole, la mpagazi aliyefia njia ya Ujiji, la mwenzake aliyeuawa na ndui chini ya mzigo wa pembe, jina, pumzi, jina, pumzi, mpaka ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo, ikaanza tena, ikakatika palepale, na chumba kikazizima ilhali bati juu lilikuwa likilia kwa joto.

"Hodi! Dada Theo!"

Alikuwa Koleta, binti wa marehemu Bi Nyamizi. Mama yake alirekodiwa humo akitaja majina hayo siku nne kabla hajafa, nakala moja tu, kwenye diski ya nje. Kijiji kizima, Koleta ndiye pekee aliyekuwa akimletea Theodora viazi na umbea.

"Mbona umepauka hivyo, umeona mkaguzi?" Kicheko kikamfia. "Theo. Huyo si mama?"

"Usiingie," Theodora akanong'ona.

"Uliniambia umeme ulikatika, diski ikaungua. Nikaenda kuwaambia ndugu zangu tumemzika mara ya pili. Sasa huyu nani?"

Sauti ikaacha majina. Kisha ikauliza, bila hasira, "Nani amenifunga mdomo?"

 Theodora akisema kweli, mlango huu hautabishwa tena na mtu.

Swali likarudi, safari hii likitoka kinywani mwa Koleta, macho yamegeuka meupe, ugoro ukimchuruzika puani.

"Mimi!" Theodora akapiga magoti. "Umeme haukukatika. Niliziandikia seva zifute kila diski zitakayoikuta, na ya mama nilisahau kuichomoa. Nilimfuta mimi, Koleta. Nikaogopa utaacha kuja."